Wote Waliona, Hakuna Aliyesema

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Hamisi amekuja na kisa kilichomnyima usingizi.

HAMISI: Kweli, dada. Ni cha tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki. Ndege mbili za kivita za Marekani, F-15, zilitungua helikopta mbili za Black Hawk. Za Marekani hiyo hiyo! Watu 26 walikufa: Wamarekani, Waingereza, Wafaransa, Waturuki na Wakurdi.

MWANAIDI: Usiku?

HAMISI: Asubuhi, saa nne na nusu, anga safi. Na juu yao kulikuwa na ndege ya AWACS, ile yenye sahani kubwa ya rada mgongoni. Ndani yake watu 19, kazi yao kujua nani yuko wapi angani.

MWANAIDI: Basi helikopta hazikuonekana?

HAMISI: Zilionekana, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Zilipoondoka Zakho kwenda Irbil zilitoa taarifa redioni, na AWACS wakaziwekea alama ya H, yaani helikopta rafiki, kwenye skrini. Baadaye zikaingia mabondeni, rada ikawa inazipata na kuzipoteza. Sasa, mle ndani afisa mmoja alisimamia vyombo vilivyo njiani, mwingine vilivyomo ndani ya eneo ambalo ndege za Iraki zilikatazwa kuruka. Helikopta zilishavuka kuingia kwa huyu wa pili, lakini hazikuambiwa zibadili masafa ya redio. Wao wako masafa haya, F-15 ziko masafa yale.

MWANAIDI: Yaani hata wangepiga kelele, wasingesikika.

HAMISI: Wasingesikika. Halafu kuna kile kifaa cha kujitambulisha: ndege inauliza kwa mawimbi, chombo rafiki kinajibu kwa namba. Helikopta zilikuwa bado na namba ya nje ya eneo. F-15 zikauliza, hazikupata jibu la kueleweka. Na siku ile mtambo mmoja ndani ya AWACS ulikuwa mbovu, afisa wa njiani akahamia kiti kingine. Hakukaa ubavuni mwa mwenzake.

MWANAIDI: Hapo nakuelewa kabisa. Ukikaa bega kwa bega na mwenzako unamgusa tu: "Hawa wako kwako sasa." Mtaani kwetu bomba lilipasuka usiku, picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Watu wote tumeiona, tiki za bluu. Asubuhi maji yameingia kwa bibi mmoja jirani. Kila mtu alidhani mwenzake ameshampigia fundi. Mimi pia.

HAMISI: Ndicho ninachotaka kusema, dada. Mtandao unawapa watu wote picha moja, halafu kila mmoja anaamini kuwa mwenzake anaijua maana yake. Kujua pamoja ni kazi ya mdomo. Rubani kiongozi wa F-15 aliripoti ameona helikopta mbili za Hind. Hizo ni za Kirusi, Iraki ilikuwa nazo. Black Hawk zile zilibeba matangi ya ziada ya mafuta pembeni, kwa mbali zikafanana nazo. AWACS wakajibu wamepokea.

MWANAIDI: Wamepokea tu? Na alama ya H walikuwa nayo?

HAMISI: Hakuna aliyesema "ngoja, tuna helikopta zetu huko." Kiongozi akamtaka rubani mwenzake athibitishe. Mwenzake akapita, akajibu ameziona mbili. Ameziona mbili, dada! Hakusema ni za nani. Kiongozi akachukua hilo kuwa ndiyo.

MWANAIDI: Mungu wangu.

HAMISI: Kila ndege ikarusha kombora moja.

MWANAIDI: Wasikilizaji, nyinyi mnaokesha bandarini, kwenye minara ya viwanja vya ndege, kwenye magari ya wagonjwa: tuandikieni. Mnapopokezana zamu, ni neno gani lazima mwambiane kwa mdomo, hata kama limeshaandikwa kwenye skrini?