Fuso Nzito Kuwaka Asubuhi: Pima Kabla ya Kununua Betri

Habari zenu mafundi, madereva na wenye magari. Leo tuna Fuso ya volti 24. Dereva anasema ikilala Makambako kwenye baridi, asubuhi starta inazunguka kivivu, nyoo... nyoo... halafu kimya. Bosi ameshatuma hela ya betri mbili mpya. Hela hiyo tuishike kwanza.

Dizeli haina plagi ya cheche. Inategemea hewa ibanwe haraka mpaka joto lake liwashe mafuta. Starta ikizunguka polepole, joto linapotelea kwenye kuta za silinda na hewa inavuja kwenye ringi. Ndiyo maana umeme ukipungua, watu wanafungua nozeli za mafuta bure.

Weka gia huru, vuta hendibreki, kinga matairi kwa mawe.

Shika mita. Hizi zetu za bei rahisi, upande wa DC kuna 20 kisha 200. Weka 200. Ukiacha 20 itakuandikia 1, udhani imekufa. Kama injini imezimwa sasa hivi, washa taa kubwa dakika 2, zima, subiri kidogo, maana betri iliyotoka kuchajiwa ni mwongo.

Betri zote mbili kwa pamoja: 24.6. Zikijaa hutoa kama 25.4, kwa hiyo mtu angesema si mbaya. Sasa rudi kwenye 20, pima moja moja. Ya kulia 12.6. Ya kushoto 12.0. Zimefungwa mfululizo, mkondo wa kuchaji ni uleule, mbona moja imechoka?

Sogeza kamera hapa. Mnauona huu waya mwembamba umesokotwa kwenye tamino, yaani kichwa cha betri, umezungushiwa selotepu? Ni wa redio na chaja ya simu. Mtu kachota volti 12 kwenye betri moja. Alteneta, ile inayochaji injini ikiwaka, inaona jumla tu, haijui yupi ana njaa. Huyu wa kushoto hashibi, na mwenzake analishwa kupita kiasi mpaka maji yanakauka.

Waya nimeutoa. Kila betri imelala kwenye chaja peke yake, leo zinasoma 12.7 na 12.6. Haya, piga starta... Umesikia? Bado nzito.

Hapa ndipo wengi wanakwenda dukani. Hata mimi nilishawahi kumnunulisha mteja betri mbili, akarudi wiki ileile na ugonjwa uleule. Sikuwa na pa kuficha uso.

Umeme unaopotea njiani hauonekani gari likiwa limetulia. Lazima starta iwe inavuta. Tandiboi avute stopu ili injini isiwake, apige starta sekunde 5, basi. Mita irudi 200. Kwenye betri: 20.8. Kwenye starta yenyewe, bolti kubwa na bodi yake: 18.6. Volti 2.2 zimeliwa na nyaya.

Tumtafute mla. Mita kwenye 20. Ncha nyekundu iguse kichwa cha risasi chenyewe cha chanya, si kibanio chake, na nyeusi iguse bolti kubwa ya starta. Piga: 0.4. Nusu volti ndiyo mpaka wangu, kwa hiyo waya huu hauna tatizo. Upande wa hasi sasa: nyeusi kwenye risasi, nyekundu kwenye bodi ya starta. Piga: 1.8! Huyu hapa.

Fuata athi, yaani njia ya hasi inayopita kwenye chesi (fremu ya gari), kipande kwa kipande. Betri hadi chesi, 0.2. Chesi hadi injini, 1.6. Ingia chini. Utepe huu wa kusuka umefungwa juu ya rangi, nyuzi nusu zimekatika na bolti ina kutu. Weka mpya, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Si kabla ya kukaza.

Pima tena: 0.2. Mwambie aachie stopu, apige.

Imewaka kwa mguso mmoja. Kanyaga mafuta kidogo, soma betri: 28.1. Kati ya 27.5 na 28.5 ni sawa. Ingebaki kwenye 25, ningeanza na mkanda wa alteneta.

Dereva ananikazia macho, anataka redio yake. Ataipata, ila kupitia konvata ya kushusha 24 kuwa 12, inayokula betri zote mbili sawasawa. Bosi, itoe kwenye ile hela ya betri.