Filamu ya kompyuta kwenye TV: waya ni kazi ndogo, kazi kubwa ni rimoti

Asalaam aleikum, karibuni. Leo niko Langoni, hapa mjini Lamu, sebuleni kwa mjomba wangu. Mezani nina laptopu ya inchi 15.6, TV ya inchi 32 na waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti pamoja. Swali mnaloniletea kila mara ni hili: filamu nitazame kwenye kompyuta au kwenye TV? Jibu langu ni kuziunganisha zote mbili, lakini kabla hatujachomeka chochote, tupime.

Leta futi ya fundi. Kioo cha TV hii kina upana wa kama sentimita 71. Cha laptopu, 34 na nusu. Sasa naenda kukaa pale mwisho wa chumba, mita 3 kutoka kwenye TV, naipakata laptopu ikiwa sentimita 60 kutoka machoni. Nafumba jicho moja na kuiinua laptopu mbele ya TV. Nasogeza kamera muone ninachoona. TV yote imefichika, na kioo cha laptopu bado kina nafasi ya kuficha nyingine kama hiyo. Kwa hiyo ukiwa peke yako kitandani na spika zako za masikioni, laptopu ndiyo sinema kubwa, usidanganywe na inchi. Halafu TV nyingi za inchi 32 zina nukta za kuunda picha 1366 kwa 768 tu, wakati laptopu kama hii ina 1920 kwa 1080. Picha ya laptopu ni kali zaidi.

TV inashinda pale mnapokuwa watu watatu, wanne, mkeka umetandikwa na kahawa imekuja. Hapo hakuna wa kupakatiwa laptopu. Ila isogezeni! Ili TV hii ijaze macho kama laptopu ilivyojaza, inatakiwa iwe mita 1.2 tu kutoka kwako. Hiyo ni karibu mno kwa familia nzima, basi lengeni mita moja na nusu hadi mbili.

Walio kwenye nyumba za mawe hapa kwetu wana bahati. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kiasi cha mita 2.8 hivi. Watu wengi huiweka TV kwenye ukuta wa mwisho, halafu wanaitazama kutoka mbali kama wanaotafuta jahazi baharini. Iweke kwenye ukuta mrefu, mkae upande wa pili, mgongo ukutani. Mko ndani ya mita 2 bila kuhamisha kitu kingine. Na tafadhali, usitoboe zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wala plasta ya zamani ili kutundika TV. Meza fupi inatosha.

Sasa waya. Zima TV, chomeka ncha moja kwenye laptopu na nyingine kwenye TV. Angalia maandishi yaliyo kando ya tundu: HDMI 1, HDMI 2. Likumbuke ulilotumia. Hapa pwani chumvi ya hewani hula chuma, kwa hiyo picha ikiwa inakatika-katika, vuta waya na urudishe polepole mara mbili tatu kabla ya kwenda dukani kununua mwingine. Laptopu yako ikiwa na tundu dogo la USB aina ya C peke yake, utahitaji adapta, na si kila tundu la C hutoa picha, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiwa na waya wa zamani wa VGA, ule wa kichwa cha bluu chenye skrubu mbili, jua kwamba haubebi sauti. Utalazimika kuongeza waya mwingine wa sauti. Tena huduma za kulipia kama Netflix hukagua njia inayopita picha, na kwa VGA unaweza kubaki na kioo cheusi.

Washa TV. Kwenye rimoti bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, nenda HDMI 1 au lolote ulilotumia. Kwenye laptopu ya Windows shika kitufe cha Windows, gusa herufi P. Yanatokea machaguo manne. Usichague "Duplicate". Ukichagua hiyo, laptopu na TV zinalazimishwa kutumia ukubwa mmoja wa picha, na mara nyingi TV ndiyo inayoumia. Chagua "Second screen only", ya mwisho. Kioo cha laptopu kinazima, TV inapata picha iliyo sawa na nukta zake.

Picha ipo, sauti bado inatoka kwenye laptopu? Bonyeza alama ya spika pembeni chini, chagua jina la TV. Kama unatumia spika ya bluetooth, midomo itatangulia na maneno yatafuata, kwa sababu bluetooth huchelewesha sauti. Ndiyo maana napenda VLC, programu ya bure ya kucheza filamu, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Filamu ikicheza, gusa J na sauti inatangulia kidogo, K inaichelewesha, milisekunde 50 kila mguso. Maandishi ya chini nayo: G yaje mapema, H yachelewe. Mkitazama na wazee, ongezeni ukubwa wa maandishi hayo kwenye mapendeleo ya VLC, maana yaliyotosha kwenye laptopu hayasomeki kutoka mita 2.

Tulia hapa sasa. Hapa ndipo TV nyingi huiharibu filamu, na mwenye TV hajui.

Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha. La kwanza ni kingo. Nafungua faili lolote, natazama pembe za kioo. Mnaona saa ya kompyuta pale chini kulia imekatwa nusu? TV inakuza picha kidogo na kutupa kingo, desturi iliyobaki tangu enzi za TV za kisogo. Tafuta "Just Scan" kwa LG, au "Screen Fit" kwa Samsung. Saa imerudi yote.

La pili ndilo baya. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, kawaida iliyoshika tangu sinema ilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini TV ikitoka kiwandani mara nyingi huwa imewashwa kitu cha kulainisha mwendo. Inabuni picha za katikati ambazo mpiga kamera hakuzipiga, na filamu iliyogharimu mamilioni inateleza kiajabu, waigizaji wanaonekana wako studio. Samsung huita Auto Motion Plus, LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow. Zima. Si mimi peke yangu: Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima kuwaomba watu wazime. Mwaka 2019 UHD Alliance, muungano wa kampuni za TV na filamu, ukatangaza "Filmmaker Mode", kitufe kimoja kinachozima mapambo yote. Ikiwa TV yako inayo, tumia hiyo uendelee na maisha. Mjomba anasema kwenye mpira anaitaka ile ya kulainisha. Haya mjomba, ya mpira tutairudisha, usikasirike.

La tatu kwa wanaojali. Laptopu kwa kawaida hutuma picha 60 kwa sekunde, na 24 haiingii kwenye 60 bila baki. Picha moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, na kamera ikizunguka taratibu utaona mitetemo midogo. Kwenye Windows ingia mipangilio ya kioo, kisha "Advanced display", ukiiona 24 kwenye orodha ichague. Usipoiona, TV haikubali, achana nayo.

Mikanda myeusi juu na chini usiiguse! Naona watu wanabonyeza zum ili kioo kijae. Filamu nyingi za sinema zina upana mara 2.39 ya kimo chake, TV ina 1.78 tu. Ukijaza kioo kwa zum umetupa robo ya upana, na huenda aliyekuwa anazungumza pembeni ameondoka.

Kuna wanaouliza, kwa nini nisiweke filamu kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV, laptopu nikaiacha? Unaweza, na ikikubali ni rahisi. Tatizo, flashi iliyopangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili lililofika GB 4, na TV nyingi hukataa aina fulani za sauti, DTS hasa: picha inacheza, watu ni mabubu. Laptopu yenye VLC haina shida hizo. Na kurusha picha bila waya? Kwenye nyumba ya kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, mawimbi ya wifi yakivuka chumba kimoja hadi kingine yanakuwa yamechoka. Ndani ya chumba kile kile jaribu, lakini waya ni waya.

Bado stima. Ikipotea katikati ya filamu, TV inazima, laptopu ina betri na huenda ikaendelea kucheza bila mtu kuona. Chomoa waya wa HDMI kwenye laptopu, kioo chake kinawaka. Sauti kwa kawaida inarudi yenyewe, isiporudi ni ile alama ya spika tena. Halafu chomoa TV ukutani kabisa, usiiache ikingoja, kwa sababu stima ikirudi huweza kuja na kishindo kinachounguza vifaa. Taa zikiwaka, ipe dakika chache ndipo uichomeke.