Kompyuta imestaki sababu ya brauza? Usikimbilie kuzima

Haya wadau, leo tunashughulika na ile hali umefungua ukurasa mmoja tu kwenye Chrome, ghafla feni inavuma, mausi inakuwa nzito, ukiandika herufi hazitokei, na wengi hapo mkono unaenda moja kwa moja kwenye batani ya kuzimia. Acha kwanza, utapoteza kazi ambayo hujasevu kwenye Word au Excel na zenyewe wala hazina kosa.

Mara nyingi ni kodi ya JavaScript, yaani yale maagizo ya programu yanayoendesha huo ukurasa, imeingia kwenye lupu isiyoisha, inarudia kitu kilekile haifiki pa kusimama, na kama kila mzunguko inajaza vitu kwenye ramu, yaani memori ya muda ya kompyuta, mashine ya GB 4 inaishiwa, Windows inaanza kuhamishia data kwenye diski, hapo ndo kila kitu kinaganda.

Sasa ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka taski meneja ya Chrome yenyewe, yaani orodha ya kila kinachoendelea ndani yake, wengi hawaijui kabisa na ndo inaokoa watu. Kliki neno CPU (yaani prosesa, ubongo wa kompyuta) pale juu, inayokula sana ikae ya kwanza, soma jina lake, ichague, halafu End process. Inakufa hiyo, nyingine zinabaki, ila kurasa za saiti hiyohiyo zinaweza kwenda nayo.

Isipofunguka vumilia kidogo, kisha Ctrl, Shift na Esc, hiyo ni ya Windows. Usidanganyike ukiona asilimia 25 tu, prosesa ya koa nne (ni kama ina vichwa vinne vya kufanyia kazi) lupu ikikamata koa moja yote ndo inasoma hivyo. Fungua kishale kilicho pembeni ya jina la Chrome, ua ile inayokula zaidi, sio Chrome nzima.

Na kama imebidi uue nzima, zima Wi-Fi kabla hujaifungua tena, maana ukirudisha kurasa zako na ile mbovu inarudi nazo, ifunge kwanza ndo uwashe neti.

Ikiganda kwenye kila saiti, shuku ekstensheni, yaani vile viprogramu vya ziada unavyoongeza kwenye Chrome. Jaribu dirisha la incognito (la faragha), huko hazifanyi kazi mpaka uwe umeziruhusu, ikiwa shwari nenda chrome://extensions, zima zote, washa mojamoja mpaka umkamate mhusika. Ikiwa ni saiti moja tu, kliki alama iliyo kushoto kwa anwani, ingia Site settings, tafuta JavaScript, weka Block, saiti yenyewe inaweza isikae vizuri lakini utasoma unachotaka bila mashine kuganda.