Halmashauri ya Huku Ilitaka Kunihesabia Wageni: Tulivyopinga

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Tanga, Dar, Mombasa, na nyie wa Muscat mnaoangalia usiku wa manane, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Leo hakuna habari ya baridi wala bei ya nyama. Leo ni maegesho ya magari huku England. Najua kuna mtu keshasema huyu dada kaishiwa mada, lakini vumilia kidogo, maana mwisho wa yote hii ni habari ya wageni, na nyumba yangu mnaijua haikauki wageni.

Ngoja nigeuze kamera muuone mtaa. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, hakuna geti, hakuna uwanja, magari yanalala barabarani. Na barabara ni mali ya halmashauri. Kile kibao kwenye nguzo kinasema Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka saa 12 na nusu jioni, wenye vibali tu. Nyie mkipaki Kariakoo mnadaiwa ushuru, mimi nadaiwa mbele ya mlango wangu. Kibali changu mimi mkazi nakilipia kila mwaka. Shemeji akija kutoka Leicester na gari lake, lazima nimkatie vocha ya mgeni, nayo nainunua kwa halmashauri. Asipokuwa nayo, askari wa maegesho anapita, anapiga picha, anaacha kioo cha mbele kimebandikwa bahasha ya plastiki ya njano. Hiyo ni faini. Hapo shemeji ana siku 14 za kulipa nusu yake. Akichelewa, nusu imeota mbawa.

Hii hapa ndiyo vocha ya zamani, nimebakiwa nazo chache. Sogeeni muione. Haina tofauti na zile vocha za simu za kukwangua. Unachukua sarafu, unakwangua mwaka, mwezi, tarehe, unaiweka juu ya dashibodi, kwisha. Ukikwangua tarehe mbili umeiharibu, tupa. Hata ajuza wa miaka 80 anaiweza, ilimradi avae miwani.

Sasa halmashauri yetu, jina silitaji, ikaja na mpango mpya. Karatasi basi, kila kitu kwenye aplikesheni ya simu. Bei ya vocha ipande zaidi ya mara mbili. Halafu, na hili ndilo lililonipandisha presha, kila nyumba ipangiwe idadi ya vocha kwa mwaka. Ukizimaliza mwezi wa tano, shauri yako, wageni wako wasubiri mpaka mwakani.

Hebu fikirini nyumba ya Mswahili ipangiwe idadi ya wageni!

Jirani yangu mmoja ni bi mkubwa wa Pemba, kafiwa na mumewe. Kuna matanga, kuna khitma, kuna arobaini, na yeye mwenyewe yumo edani, miezi minne na siku kumi. Hatoki. Watu ndio wanamwendea: huyu kaleta uji, huyu kampeleka mtoto amsomee, huyu kaja kumkamulia nguo tu na kumpa stori. Wengi wanatoka miji mingine na magari. Kwa hesabu ya halmashauri, vocha zake za mwaka mzima zingekwisha kabla hata ya arobaini. Na simu yake ni ile ya vitufe, anapiga na kupokea, basi. Hiyo aplikesheni ataiweka wapi?

Mnisikie vizuri lakini. Kwenye kundi letu la WhatsApp wengi walikimbilia kusema "hawa Wazungu hawapendi wageni." Nikawaambia acheni hizo. Mzee wa nyumba ya kona ni Mwingereza kutoka kwa babu yake, na alikuwa na hasira kunizidi mimi, kwa sababu binti yake anakuja kila siku kumwogesha na kumpa dawa, na kila siku ni vocha. Hili halikuwa jambo la rangi. Lilikuwa la mtu kukaa ofisini na kuamua nyumba ya kawaida inatembelewa mara ngapi.

Kilichoniudhi zaidi ni jibu la pili la kundi: "Usiandike jina lako, watu wa uhamiaji watakuona." Jamani! Watu wazima, wana vibali vyao halali, wanalipa kodi ya halmashauri kila mwezi, wanaogopa kuandika barua ya kupinga bei ya kupaki gari. Pingamizi la barabara linakwenda kwa idara ya barabara, na sheria haimuulizi mpingaji uraia wake. Mtu yeyote anaweza kupinga. Lakini tumejizoesha kukaa huku kama sisi wenyewe ndio wageni wa vocha.

Haya, twende kwenye sheria, maana hapa ndipo pana utamu.

Mnaiona ile karatasi iliyofungwa kwenye nguzo ya taa kwa kamba ya plastiki? Watu tunaipita kama tangazo la paka aliyepotea. Ile ni notisi. England, halmashauri ikitaka kubadilisha masharti ya maegesho, inatakiwa itangaze, gazetini pia, na itoe siku 21 za kupokea pingamizi kwa maandishi. Na lazima iweke wazi rasimu ya amri yenyewe pamoja na maelezo ya sababu. Hayo maelezo ya sababu ndiyo ya kuyadai mwanzo kabisa. Kupandisha bei peke yake ni rahisi zaidi kwao, wanatoa notisi ya siku 21 na kwenda zao. Ila kubadilisha aina ya vibali na kuweka kikomo, hapo lazima wakusikilize.

Na ukiandika, usiandike "ni ghali mno, mnatuonea." Hiyo wanaiweka kwenye fungu la maoni yaliyopokelewa, na ndiyo maziko yake. Uliza: mnafanya hivi kwa mamlaka gani, na kwa kusudi gani? Kwa sababu sheria inayowapa nguvu ya kutoza maegesho, ya mwaka 1984, ni sheria ya kusimamia magari barabarani. Siyo sheria ya kodi. Mahakama Kuu ilishalisema hilo mwaka 1995 kwenye kesi ya wakazi dhidi ya halmashauri ya Camden, hapo London.

Kisha ikaja ya halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London. Mwaka 2011 Barnet walipandisha kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100 kwa mwaka, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi pauni 4. Wakazi wakachachamaa. Mmoja wao, David Attfield, mwanasheria anayeishi hapo hapo, akaipeleka halmashauri Mahakama Kuu kwa niaba ya wenzake. Julai 2013 Jaji Lang akaamua kwamba ongezeko lile halikuwa halali. Kwa nini? Kwa sababu halmashauri ilipandisha bei kwa makusudi ipate ziada ya kulipia shughuli nyingine za barabara na usafiri. Sikilizeni tofauti yake: ziada ikipatikana yenyewe, sheria inasema itumike wapi. Lakini kupanga bei ili ziada ipatikane, hapana. Huwezi kumfanya mgeni wa Bi Fulani kuwa chanzo cha mapato.

Kwa hiyo barua yetu ilibeba hilo. Tukaongeza na la mashauriano. Kuna kanuni huku zilizotokana na kesi ya mwaka 1985 dhidi ya halmashauri ya Brent, na Mahakama ya Juu ikazikubali mwaka 2014 kwenye kesi ya halmashauri ya Haringey, zote za London: ukiwauliza watu maoni, waulize wakati bado hujaamua, wape sababu za kutosha, wape muda, kisha uyatafakari kwa dhati waliyosema. Sasa wenzetu walikuwa wameshatundika kwenye tovuti yao picha ya aplikesheni mpya na maneno "inakuja hivi karibuni," na siku za pingamizi hazijaisha! Nikaipiga picha, nikaiambatanisha. Na la tatu ni la sheria ya usawa ya mwaka 2010, inayowataka wafikirie uamuzi wao utawaumiza vipi wazee na walemavu. Bi mkubwa na simu yake ya vitufe wakaingia humo.

Haki isemwe, na halmashauri walikuwa na hoja. Stesheni ya treni iko karibu, na kuna watu walikuwa wanauza vocha zao kwa wafanyakazi wanaopaki asubuhi na kupanda treni kwenda London. Wapo, na wengine tunawajua, hawajambo. Mkazi anazunguka kutafuta nafasi kwenye mtaa wake kumbe imekaliwa na gari la mtu asiyemjua. Ila nikatumia haki ya kuomba taarifa, ambayo wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 20 za kazi, nikauliza: mmekamata kesi ngapi za vocha kuuzwa? Jibu likaja, la heshima sana, kwamba takwimu hizo hawazitunzi. Hawana hesabu ya wezi, lakini wageni wangu wanataka kuwahesabu.

Tukaenda kwenye kikao. Diwani wa kata yetu alitusaidia tupate nafasi ya kusema, dakika tatu tu, kuna saa ya ukutani inayohesabu kurudi nyuma na ikifika sifuri maikrofoni inazimwa. Nikamwachia mzee wa kona azungumze. Alisema binti yake si mgeni, ni miguu yake. Nikaangalia madiwani, wawili wameinua vichwa kutoka kwenye simu. Kwa kikao kile, hayo ni mapinduzi.

Matokeo sasa. Karatasi zimebaki kwa asiyeweza kutumia simu, unaomba kwa barua au kwenye maktaba. Anayemhudumia mgonjwa ana kibali chake, hahesabiwi kwenye vocha. Msiba nao umo: ukiwapelekea cheti cha kifo wanakuongezea vocha. Kumpelekea mtu cheti cha kifo ili watu wapaki gari, mimi naona ni ufidhuli, lakini bi mkubwa kasema heri nusu shari.

Bei haijashuka hata senti. Wanasema inalipia gharama za kuendesha mpango, na mahesabu waliyotuonyesha yana mashimo. Ukitaka kuipinga amri yenyewe Mahakama Kuu una wiki sita tangu itolewe, na ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama za upande wa pili. Tulikaa, tukapiga hesabu, tukaona mifuko yetu haina ubavu huo. Tumewasilisha malalamiko rasmi kwa halmashauri kwanza. Wakitujibu ovyo, tunakwenda kwa ombudsmani wa serikali za mitaa, yule anayechunguza malalamiko dhidi ya halmashauri. Yeye hatoi amri kama jaji, lakini akikuta uzembe anawaandika hadharani, na huduma yake ni bure.

Na kuna uchaguzi. Chaguzi za mitaa huku hufanyika mwezi wa tano, na hili nawaambia hasa nyie mlioko huku England mnaoniangalia kimya kimya. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, nchi zetu zimo kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hiyo ukiwa na kibali halali cha kuishi hapa una haki ya kumpigia kura diwani, hata kama huna uraia. Unajiandikisha mtandaoni, na siku ya kura unakwenda na kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Tanzania inakubalika pale kituoni, msidanganywe. Wakongo na Warundi, kura itawasubiri mpaka mpate uraia, lakini pingamizi andikeni leo.

Wiki ijayo nitawaonyesha jinsi ya kujiandikisha, hatua kwa hatua, simu mkononi. Sasa niacheni, shemeji keshapiga honi huko nje na sijamwingizia namba ya gari.