Chati Iliyochorwa Juu ya Paa

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wengine, habari za jioni.

Naomba nianze na hiki kitambaa. Mliokaa mbele mnakiona vizuri. Wa nyuma nitakipitisha kwenu baadaye. Ni kipande cha shuka jeupe. Nilikitundika jikoni kwa mama mmoja anayepikia kuni, kwenye kenchi, juu kidogo ya mafiga, kikakaa siku saba. Upande ulioelekea moto umegeuka rangi ya kahawa, na ukikisugua kwa kidole, kidole kinatoka cheusi na kina utelezi kidogo. Ni masizi. Lakini haya yaliyonasa hapa ndiyo makubwa. Ninayotaka kuyasema jioni hii ni yale yaliyopita katikati ya nyuzi bila kugusa kitu, yakaenda na pumzi ya yule mama, na ya mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwake.

Wataalamu wanaziita chembe laini, na kipimo chake ni upana usiozidi maikroni 2.5. Chukua unywele mmoja wa kichwani mwako: kwenye upana wake unaweza kupanga chembe kama 30 za namna hii. Vumbi la barabarani linakamatwa na pua, unapiga chafya, unapenga, limekwisha. Hizi pua haiziwezi. Zinateremka hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinavuka kuingia kwenye damu. Ndiyo maana ukisoma orodha ya magonjwa yake hukuti kikohozi peke yake. Unakuta kiharusi, unakuta moyo, unakuta nimonia ya watoto wachanga na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo.

Sasa, kila nchi ina chati yake inayoonyesha wananchi wake wanavuta kiasi gani cha chembe hizi, mwaka hadi mwaka. Tanzania tunayo pia. Mojawapo inasema ni asilimia ngapi ya watu wanaoishi kwenye hewa iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ukiifungua hiyo, utaona mstari umelala juu kabisa, karibu asilimia 100, mwaka huu, mwaka jana, miaka kumi iliyopita. Mtu anaitazama, anafunga kompyuta, anasema basi, hakuna kilichobadilika.

Msifanye hivyo. Mstari ule umelala kwa sababu ya swali lililoulizwa. Swali ni "umevuka au hujavuka?" Mwaka 2005 Shirika hilo liliweka kiwango cha maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka. Mwaka 2021, baada ya ushahidi mwingi zaidi kuhusu madhara, likakishusha hadi 5. Mji ukitoka 60 ukafika 20, watu wengi watakuwa wamenusurika, na chati ile bado itasoma "wamevuka". Dunia nzima leo, watu 99 kati ya 100 wamevuka.

Chati inayofaa kuitazama ni ya wastani unaozingatia idadi ya watu. Nieleze hapa taratibu, kwa sababu ndipo penye kiini. Ukichukua hewa ya Tanzania yote ukaigawa sawasawa kwa eneo la ardhi, hifadhi za Ruaha na Nyerere zitaificha Manzese, mtaa wa Dar es Salaam uliosongamana watu. Huko kuna tembo wengi na watu wachache. Kwa hiyo wanaofanya hesabu wanauliza kwanza: watu wako wapi? Hewa ya mahali wanapoishi watu milioni moja inahesabiwa mara milioni moja. Sensa ya 2002 ilitukuta tuko milioni 34. Ya 2022 ikatukuta milioni 61.7, na Dar es Salaam peke yake zaidi ya milioni 5.3. Hata kama hewa ya Dar isingebadilika hata chembe moja kwa miaka hiyo ishirini, mapafu yanayoivuta yameongezeka sana.

Namba zenyewe zinatoka wapi? Hapa ndipo ninapopata shida, na nataka mnisikilize kwa makini. Vipimo vya uhakika vilivyowekwa ardhini Afrika ni vichache mno. Pengo hilo linazibwa na satelaiti, zile zilizoanza kurushwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Satelaiti inatazama chini, inapima jinsi mwanga wa jua unavyozuiwa na chembe zilizo angani, kisha kompyuta inakadiria ni kiasi gani kati ya hizo ziko huku chini tunakopumua. Makadirio hayo yanasahihishwa kwa vipimo vya ardhini, pale vilipo. Ni kazi nzuri, ninaiheshimu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wao wa AirQo, wametengeneza vipimo vya bei nafuu wakavifunga Kampala, vingine juu ya bodaboda kabisa, na vinatoa taarifa kila siku. Lakini mwezi Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza takwimu za vipimo vilivyokuwa kwenye balozi zake, na kwa miji kadhaa ya Afrika hilo lilikuwa pigo.

Satelaiti, hata iwe nzuri namna gani, inaishia kwenye paa. Haioni chini ya bati.

Rudini kwenye kitambaa changu. Mama huyu anawasha moto alfajiri kwa chai, mchana kwa ugali, jioni kwa maharage. Kuni zikiwa mbichi anainama, anapuliza, machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya kanga. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nyumba zisizopitisha hewa vizuri, moshi wa namna hii unaweza kufikisha chembe laini mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Kwenye chati ya taifa mama huyu amepewa namba ya hewa ya nje ya kijiji chake. Saa zake za jikoni hazimo. Vifo vinavyotokana na moshi wa majumbani, milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, vinahesabiwa kwenye daftari jingine. Hapa kwetu serikali imekuwa ikitaja takriban vifo 33,000 kwa mwaka.

Na mkaa? Nasikia mara nyingi, "Mimi natumia mkaa, hauna moshi." Mkaa una moshi mdogo kuliko kuni, hilo kweli. Chembe bado zipo, na juu yake kuna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Ndiyo inayowaua watu wanaolala na jiko ndani wakati wa baridi. Tafadhali, ukitoka hapa kamwambie jirani.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mwaka 2021 tulikuwa asilimia 6.9. Naliunga mkono lengo hili kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nina hofu na namna tutakavyolihesabu. Nendeni kwenye nyumba yenye mtungi wa kilo sita. Chai wanapika kwa gesi, mayai kwa gesi. Maharage na makande yanapikwa nje kwenye jiko la mkaa, kwa sababu yanamaliza gesi, na kujaza mtungi kunataka fedha ya mkupuo wakati mkaa unaununua kwa kopo, wa leo kwa leo. Mhesabuji akipita na kuuliza "Mna gesi?" anaambiwa ndiyo, anaweka tiki. Chembe zitakuwa zimepungua kidogo tu, tiki itakuwa imewekwa nzima.

Mstari unaweza kushuka, msikate tamaa. Beijing mwaka 2013 ilikuwa na wastani wa maikrogramu 89.5. Mwaka 2024 ilisoma 30.5. Walifunga boila za makaa ya mawe, wakabana viwanda na magari, lakini pia waliingia majumbani, kwenye majiko ya makaa ya mawe ya vijiji vinavyouzunguka mji, kwa sababu moshi wa vijijini ulikuwa unarudi mjini. Moshi wa jikoni haukai jikoni. Unatoka dirishani unakuwa hewa ya mtaa.

Kwetu mlango ulio wazi zaidi ninaouona ni maharage yenyewe. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa uniti moja au pungufu. Pigeni hesabu wenyewe, uniti moja dhidi ya kopo la mkaa. Kikwazo ni bei ya kulinunua jiko na umeme unaokatika, na hapo ndipo ningependa ruzuku ielekezwe, kabla ya kugawa mitungi ambayo haitajazwa mara ya pili.

Mama mwenye kitambaa ameingia kwenye mchezo wa upatu na wenzake kumi, kila anayepokea ananunua jiko la namna hiyo. Zamu yake ilikuwa wiki iliyopita. Jumamosi nilikwenda nikatundika kitambaa kingine, shuka lile lile, msumari ule ule. Amekataa nikiondoe baada ya siku saba. Anataka kikae mwezi.

Haya, kipitisheni hicho nyuma. Mshike kwenye pindo.