Popoo, mdomo na tezi za shingo: mazungumzo ya jioni Mji wa Kale

Asalaam aleikum, na wenzetu wengine habari za jioni. Naona viti vimejaa mpaka nje barazani, shukran sana, najua kuna waliotoka kazini moja kwa moja na kuna waliovuka feri kutoka Likoni kwa ajili ya hii tu. Mi ni daktari wa masikio, pua na koo, na kazi yangu kubwa ni upasuaji wa kansa za mdomo, koo na shingo. Niliombwa nizungumze kuhusu utafiti wa haya magonjwa kwa jumla lakini jumla ni bahari, kwa hivyo nimeamua kushika kitu kimoja tu, popoo na shingo, maana hicho chatuhusu sisi watu wa Mvita kuliko watu wengi.

Nianze na bibi yangu. Kila baada ya alasiri bibi akikaa barazani na kijaluba chake, apake chokaa kwenye jani la tambuu, atie katu, popoo, iliki kidogo, akunje, atie mdomoni, na sisi wajukuu twamzunguka twamuomba na sisi kidogo. Ilikuwa raha yake na mpaka leo nikisikia harufu ya katu namkumbuka yeye. Sasa bibi akatoka kidonda ubavuni mwa ulimi. Akaenda kliniki moja akapewa dawa ya kusukutua, akarudi akapewa nyingine, akarudi tena, miezi mitano yakatika hivyo, halafu ikatokea tezi chini ya taya wakasema ni TB wakamuanzishia vidonge. Hakuna aliyekata kinyama kukipeleka maabara. Kilipokuja kukatwa ugonjwa ushaingia shingoni pande zote mbili. Mi nilikuwa kidato cha tatu, na ndo sababu nasimama hapa.

Haya, popoo. Wengi hapa watanambia daktari mi situmii tumbako, mi natafuna popoo na tambuu tu. Nalisikia hili kila wiki na nataka tulizungumze vizuri kwa sababu hata sayansi yenyewe ilichukua muda kufika hapo. Mwaka 1985 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, la kule Lyon Ufaransa, lilisema tambuu yenye tumbako inasababisha kansa. Ile isiyo na tumbako wakasema ushahidi hautoshi. Watu wakaendelea kukusanya data, India, Taiwan, Pakistan, Papua New Guinea, wanatenganisha wanaotafuna na tumbako na wanaotafuna bila, na mwaka 2004 IARC ikachapisha kwamba tambuu bila tumbako pia inasababisha kansa ya mdomo, na popoo yenyewe peke yake ikatiwa kwenye kundi la kwanza, kundi moja na sigara. Popoo yenyewe jamani. Si chokaa, si jani.

Inafanyaje kazi? Ndani ya popoo mna kitu chaitwa arekolini, ndo hicho kinachompa mtu ule uchangamfu na joto la mwili. Ukitafuna kila siku, hiyo arekolini inazichokoza chembe zilizo chini ya ngozi laini ya mdomo zitengeneze nyuzi ngumu kupita kiasi, na tanini ya hiyo hiyo popoo inazifanya zile nyuzi zisivunjike kwa urahisi. Mashavu ya ndani yanakuwa meupe, yanakakamaa kama kamba chini ya ngozi, pilipili kidogo tu inaunguza mtu mpaka machozi, na taratibu mdomo unakataa kufunguka. Hebu jaribuni sasa hivi, panga vidole vyako vitatu wima, kimoja juu ya mwenzake, uvitie baina ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, alhamdulillah. Visipoingia na wewe ni mtu wa popoo, basi usitoke hapa leo bila kuniona.

Na mjue hii hali ya mdomo kukakamaa, kwenye vitabu vya udaktari vya sasa, historia yake inaanzia Kenya. Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz aliripoti wanawake 5 wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya, midomo yao imekakamaa, na wakati huo hakujua sababu, akaipa jina refu la Kilatini lenye maana kwamba chanzo hakijulikani. Mwaka uliofuata Joshi kule Bombay akaieleza tena na jina alilolipa yeye ndo lililodumu. Mi nikisoma habari ya wale wanawake 5 naona kabisa mitaa yetu. Popoo ilikuja na majahazi ya kaskazi pamoja na vitambaa na viungo, tukaipokea, ikaingia kwenye harusi zetu, kwenye posa, kwenye ukarimu wa mgeni, na ugonjwa wake ukaja nayo, lakini na jibu nalo limetoka ng'ambo hiyo hiyo, na jibu lenyewe ndo nililokuja kuwaambia.

Sasa shingo. Shingoni mwa mtu mna tezi kwa mamia, ndogo ndogo kama punje, kazi yake kuchuja. Kansa ya ulimi au ya shavu ikianza, kabla ya kwenda mbali inapita hapo kwanza. Shida ni kwamba inaweza kuwa ishafika na mkono wa daktari usiisikie, hata picha ya skani isiione. Katika wagonjwa 10 wenye kansa ndogo ya mdomo na shingo safi kabisa kwa kuguswa, 2 au 3 tayari wana kansa iliyojificha kwenye tezi.

Upasuaji wa kutoa hizo tezi si mgeni. George Crile wa Cleveland, Marekani, aliueleza mwaka 1906 kutokana na operesheni 132, na aliufanya kwa ukali, akitoa tezi zote upande mmoja pamoja na mshipa mkubwa wa damu, na msuli mkubwa wa shingo, na neva inayoinua bega. Mgonjwa anapona kansa lakini bega linaanguka. Fikirieni hamali wa Marikiti au mvuvi wa kuvuta jarife ambaye mkono haupandi tena juu ya kifua. Ilikuwa mpaka miaka ya 60 ndipo Osvaldo Suárez, Muargentina, alionyesha kwamba unaweza kuzifuata tezi ndani ya tando zake ukazitoa na ukaacha msuli, mshipa na neva mahali pake. Hivyo ndo tunavyofanya leo, na kwa kansa ya mapema twatoa tezi za juu tu zile zinazohusika. Kwa hivyo ule woga wa "watanikata shingo nitakuwa kilema" una asili yake, wazee wetu waliona walichoona, lakini operesheni yenyewe imebadilika.

Bado kukabaki ubishi mkubwa uliodumu miaka mingi sana. Mgonjwa ana kidonda kidogo cha ulimi, shingo haina kitu. Je, ukitoa kidonda utoe na tezi siku hiyo hiyo, au uache shingo umwangalie, ikitokea tezi ndo urudi ukate? Kila upande ulikuwa na hoja. Hawa wanasema wagonjwa 7 katika 10 utawakata bure. Wale wanasema ukingoja utachelewa. Na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kutosha kumaliza maneno kwa sababu unahitaji wagonjwa wengi sana wa aina moja mahali pamoja.

Mumbai walikuwa nao. Hospitali ya Tata Memorial, Anil D'Cruz na wenzake, kuanzia mwaka 2004 waliwachukua wagonjwa wenye kansa za mdomo za mapema, shingo zao hazina tezi ya kuonekana, wakawagawa kama kwa kupiga kura, nusu wanatolewa tezi papo hapo, nusu wanangojewa na kuangaliwa kwa karibu. Matokeo ya wagonjwa 500 wa kwanza yalitoka mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika waliotolewa tezi mapema walikuwa hai asilimia 80. Katika waliongojewa, asilimia 67 na nusu. Yaani kwa kila wagonjwa 8 unaowafanyia shingo mapema unamuokoa mmoja ambaye angekufa. Kwenye upasuaji wa kansa tofauti kama hiyo ni nadra mno kuiona. Na waliongojewa, tezi zilipojitokeza mara nyingi zilikuja ugonjwa ushasonga mbele, si kile kitezi kidogo watu walichodhani watakidaka.

Mi wale wagonjwa wa Mumbai nawaheshimu sana na nawaombea. Mtu ana kansa, ana hofu, halafu anakubali kura ndo iamue atafanyiwa nini, ili mtu wa Kibokoni au wa Majengo asiyemjua apate jibu.

Na kwetu nafikiri jibu hilo lina uzito zaidi kuliko hata kwao, kwa sababu kungojea maana yake mgonjwa arudi kliniki kila mwezi au miezi miwili, miaka na miaka. Mtu ametoka Faza, apande boti, apande basi usiku kucha, alale kwa jamaa, aone daktari dakika kumi arudi. Atarudi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu hataonekana, na mi simlaumu hata kidogo. Wafaransa mwaka 2020 walionyesha njia ya tatu, kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea maji ya pale kwenye kidonda kwa dawa yenye mionzi kidogo, ukaichunguza hiyo tu, na ni njia nzuri lakini inataka vifaa na wataalamu wake, kwa hivyo ukiambiwa kidonda chako ni kansa na daktari akakwambia na tezi zitoke siku hiyo hiyo, muulize maswali yote unayotaka lakini usimkimbie.

Mzee pale nyuma ameuliza, na sauti je, ukikatwa huongei tena? Swali zuri mzee wangu. Hiyo ni kansa ya kisanduku cha sauti, si ya ulimi. Zamani dawa ilikuwa kukitoa chote, Billroth alifanya hivyo Vienna siku ya mwisho ya mwaka 1873. Mwaka 1991 Wamarekani walilinganisha wagonjwa 332, wengine wakakatwa wakapewa na mionzi, wengine wakaanza na kemo halafu mionzi, na baada ya miaka miwili waliobaki hai walikuwa sawa sawa, asilimia 68 kila upande, na karibu thuluthi mbili ya waliopata kemo na mionzi walibaki na kisanduku chao. Kwa hivyo mzee, sauti ikikauka wiki tatu mfululizo njoo, maana ukija mapema njia za kuiokoa ni nyingi.

Sasa tumeleta tochi, glavu na vile vijiti vya kubonyezea ulimi. Mwenye kidonda kilichopita wiki tatu, baka jeupe au jekundu, jino lililolegea bila sababu, tezi shingoni au vidole vitatu haviingii, aje. Meno ya bandia vueni kabla. Kina mama foleni yenu ianzie pale kwenye pazia, yuko sista atawaangalia, wanaume mje huku kwangu, na yule bwana aliyekuwa akitafuna nikizungumza awe wa kwanza, nimeshamuwekea kiti.