Namna ya Kuikinga Nyanya ya Nyumbani Isioze Kitako Wakati wa Kiangazi

Karibuni bustanini, ndugu watazamaji. Tunda hili nililoshika limeanza kuiva vizuri juu, lakini kitako chake kimebonyea na kuwa cheusi. Hapa Dodoma, ambako mvua zikikatika mwezi Aprili tunangoja mpaka kuelekea Desemba, watu wengi wakiona hali hii hukimbilia kununua dawa ya ukungu. Dawa hiyo haisaidii, kwa kuwa huu si ugonjwa wa vimelea. Madini ya kalisi hulifikia tunda yakibebwa na maji, hivyo mche unaoachwa ukauke kwa siku kadhaa, kisha ukafurikishwa kwa mara moja, hushindwa kulilisha tunda lake changa, na kitako, kilicho mbali zaidi na kikonyo, ndicho kinachoumia.

Dawa yake ni tuta lililozama, yaani lililo chini kidogo ya ardhi inayolizunguka ili litunze maji. Pimeni upana wa mita 1, chimbeni kina cha sentimita 20, changanyeni udongo na samadi ya mbuzi iliyooza, sawazisheni, kisha pandeni miche kwa nafasi ya sentimita 50. Nimepita haraka kwa sababu jembe mnalijua.

Hapa kwenye matandazo ndipo naomba tutulie. Mwagilieni kwanza mpaka udongo ulowe, ndipo mtandaze nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa vidole vinne. Nyasi zikitangulia juu ya udongo mkavu, maji machache mtakayomwaga baadaye yataishia kwenye nyasi na mizizi itabaki na kiu. Narudia: maji kwanza, nyasi baadaye. Tena nyasi zisiguse shina. Acheni duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka kila mche, kwa sababu shina linalokaa kwenye unyevu huoza.

Mwanangu, sogeza kamera kwenye mche ule wa pembeni. Watazamaji, mnaona vijia vya udongo chini ya mabua? Hao ni mchwa, na wamefuata mabua ya mahindi yaliyochanganyika na nyasi. Tunayaondoa yote sasa hivi, tunavunja vijia, tunalowesha mahali hapo, na tunarudishia nyasi laini peke yake. Funueni matandazo kila wiki mkague. Na huku pia, tazameni, nyasi zimesogea zikagusa shina. Zirudisheni nyuma kama hivi.

Mwagilieni asubuhi, kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Chomekeni kidole chini ya nyasi: udongo ukiwa mkavu kwenye pingili ya pili, mmechelewa. Msizidishe mbolea ya urea, kwa sababu majani yatashamiri na tatizo la kitako litaongezeka.

Nyanya ndefu kama Roma VF hupatwa na hali hii kuliko za mviringo, lakini mimi bado naipenda kuliko zote, kwa kuwa nyama yake ni nene na mchuzi wake hauwi majimaji. Miche yake ninayo kitaluni kwa wanaohitaji.

Matunda yaliyokwisha kuoza kitako hayatapona, basi yachumeni leo, mkate sehemu nyeusi na kupika iliyo nzima, ili mche upeleke nguvu kwenye matunda yanayofunga sasa.